Safari ya Makumbusho: Kutoka Samaki wa Malindi Hadi Beseni la Ikweta

Wazee wetu walinena kwamba asiyetembea hajui, nami naongeza kuwa atembeaye asiulize naye hajui vile vile. Sisi watu wa pwani tumezaliwa ndani ya makumbusho bila ya kujitambua. Mtoto wa Mombasa hucheza mpira chini ya kuta za Ngome, na wa Lamu hupita kila siku chini ya milango iliyochongwa na mababu zake. Lakini mkaribishe mtu huyo huyo aingie kwenye jumba la makumbusho, atakwambia kuwa hayo ni mambo ya watalii na watoto wa shule.

Mpwa wangu, kijana wa chuo anayesomea ufundi wa umeme, ndiye aliyenichokoza. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya magharibi, akasema, "Mjomba, sayansi ni ya Wazungu. Sisi letu ni kutia saini kitabu cha wageni." Maneno hayo yalinikera, si kwa sababu ni ya utovu wa adabu, bali kwa sababu nimeyasikia kwa wengi. Nikamwambia atafute gari, tutazunguka yeye na mimi siku tisa, tuyaone makumbusho ya sayansi ya nchi hii, ya maana na ya kuchekesha, kisha arudi aniambie tena maneno yake.

Tulipatana sharti moja. Kila tutakapofika tutauliza swali moja tu: mmejuaje? Anayetwambia kuwa jiwe lina miaka milioni, atwambie amejuaje. Anayetwambia kuwa maji yanazunguka kulia, naye atwambie. Ilimu isiyoweza kujibu swali hilo ni hekaya, na hekaya tunazo tele nyumbani.

SAMAKI ALIYEDHANIWA AMEKWISHA

Tulianza kwa kwenda kaskazini, kilomita 120 hivi hadi Malindi. Makumbusho ya Malindi yamo katika nyumba ya kale karibu na bahari, na miongoni mwa habari zake ni ya samaki ambaye Wazungu humwita coelacanth, nasi tumwite silakanti. Mwaka 2001 samaki wa namna hiyo, mwenye uzani wa zaidi ya kilo 70, alinaswa na meli ya wavuvi nje ya Malindi. Huyo alikuwa wa kwanza kujulikana katika bahari ya Kenya.

Wewe msomaji utauliza, samaki mmoja ana ajabu gani hata awekewe jumba? Ajabu ni hii. Wataalamu walikuwa wakimjua samaki huyu kwa visukuku tu, yaani alama zake zilizogeuka mawe, na kwa kuwa mawe ya baadaye hayakuwa na alama hizo, walikata shauri kwamba kizazi chake kilikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita. Kisha Disemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, bibi mmoja mlinzi wa makumbusho madogo, Marjorie Courtenay-Latimer, akaitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli. Katika lundo lile aliona pezi la buluu ambalo hajapata kuona mfano wake. Alimchukua samaki, akamchora, akampelekea picha Profesa J. L. B. Smith, naye akatambua kuwa yule aliyedhaniwa amekwisha yu hai baharini.

Profesa Smith alitaka wa pili. Akatangaza zawadi ya pauni 100 na kutawanya karatasi zenye picha ya samaki huyo katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake. Ilipita miaka 14. Mwaka 1952 akapatikana katika kisiwa cha Nzwani, Visiwani Ngazija, na hapo ndipo lilipo funzo. Wavuvi wa kule hawakushangaa hata kidogo. Walikuwa wakimjua tangu zamani, jina lake wakimwita gombesa, wakimvua mara moja moja kwa mshipi wa kina kirefu. Ndugu zetu wa Ngazija, watu tunaooleana nao na kuswali nao safu moja, walikuwa na jibu la swali lililowasumbua maprofesa, ila hakuna aliyewauliza.

Nilimtazama mpwa wangu, naye akawa kimya. Nje ya jumba tulimkuta mzee mmoja mvuvi ametandaza nyavu zake kivulini. Tukamwamkia shikamoo, tukamweleza tuliyoyaona. Akatwambia, "Bahari haina siri, mwanangu. Yenye siri ni masikio ya watu wa bara." Kisha akatuhesabia majina ya miamba, mikondo na samaki kiasi ambacho sikuweza kuyaandika yote. Nilijiuliza ni nani atakayeyaandika mzee yule akiondoka duniani.

Silakanti ana mapezi manne mazito yenye nyama na mifupa ndani, na akiogelea huyapeleka kwa zamu, la kushoto la mbele pamoja na la kulia la nyuma, kama farasi anavyotembea. Hataga mayai nje. Huzaa watoto walio hai. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamewanasa wengi, hasa upande wa Tanga, hata serikali ya huko ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Basi mvuvi wa Vanga au wa Shimoni akivuta nyavu asifikiri kwamba kila kitu chake ni cha sokoni tu.

GEDE, VIPEPEO NA KABURI LA MTOTO

Kurudi nyuma kidogo ni Gede, mji wa Waswahili uliomezwa na msitu. Magofu haya yalianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 yakatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wengi huenda kutazama kuta. Sisi tulikwenda kuuliza swali letu. Mmejuaje kuwa mji huu ulikuwapo zamani za akina nani? Jibu la kwanza limeandikwa na Waislamu wenyewe: kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Jibu la pili ni vyungu na bakuli za Kichina, ambazo namna zake hubadilika zama hata zama, na kwa hivyo kipande kidogo cha bakuli humwambia mtaalamu tabaka la udongo ni la karne ipi. Na mbona watu waliuhama? Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka chini. Anayeishi Malindi leo akasubiri maji ya mfereji hatacheka jambo hilo.

Hapo hapo Gede pana nyumba ya wavu iliyojaa vipepeo hai. Huu ni mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hulisha viwavi kwa majani ya msituni, na wakishageuka mabundo, mabundo hayo hufungwa kwa pamba na kupelekwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, yakafunguke huko. Ni makumbusho ya kuchekesha ukiyatazama kwanza, kwa kuwa mtu huuza mdudu. Lakini hesabu yake ni ya maana. Mkulima aliyeuona msitu kuwa ni kichaka cha ndovu na nyani wa kumlia mahindi, sasa anauona kuwa ni shamba lake, na mti wenye majani anayoyataka kiwavi hauangushwi ovyo.

Katika vilima vya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini, liko pango liitwalo Panga ya Saidi. Si jumba la makumbusho, lakini hakuna jumba la sayansi nchini lenye habari nzito kuliko yake. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo waliona humo, mwaka 2013, alama ya shimo dogo lililojaa udongo usiofanana na ule ulioliizunguka. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa imeoza hata ikawa inavunjika kwa kuguswa. Mwaka 2017 wakalivika bonge zima plasta, wakalipeleka Nairobi, kisha Burgos nchini Hispania, likachambuliwa chembe kwa chembe. Mwezi Mei 2021 wakatangaza. Ndani ya lile bonge alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi la kale kuliko yote ya watu wa jinsi yetu yaliyopatikana Afrika. Wataalamu walimpa jina la Kiswahili. Wakamwita Mtoto.

Wamejuaje? Umri wa mtoto waliusoma katika meno yake. Miaka ya kaburi waliisoma katika chembe za mchanga, kwani mchanga uliofukiwa hujiwekea nguvu kidogo kidogo gizani, na ukimulikwa huitoa kwa mwangaza unaoweza kupimwa. Mifupa ya mabega na mbavu ilikuwa imebanana kwa namna inayoonyesha kuwa kiwiliwili kilifungwa katika kitu, pengine ngozi au majani. Shingo nayo ilikuwa imeteremka kama iliyoegemea kitu kilichooza baadaye, mto wa kulalia. Na maiti alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa.

Hapo mpwa wangu alishusha pumzi. Sisi tunaowavika maiti wetu sanda na kuwalaza kwa ubavu wa kulia hatuwezi kusikia habari hiyo kwa moyo mkavu. Lakini nilimwonya, na ninamwonya msomaji pia: tusiibebeshe mifupa maneno ambayo haikuyasema. Dini ya watu wale hatuijui, wala hatujui walinuia nini. Tunalolijua ni kwamba paliondokewa na mtoto mdogo, na walio hai hawakumtupa. Walimchimbia, wakamfunga, wakamwekea kitu chini ya kichwa. Hilo limepimwa, na hilo latosha kumtoa mtu machozi.

SIMBA WALIOHAMIA CHICAGO

Tulitoka Mombasa alfajiri kushika barabara kuu ya Nairobi. Adhuhuri na laasiri tuliziswali pamoja kwa kasri katika msikiti wa kando ya njia, jambo la kushukuru katika barabara ile, kwani msafiri hakosi pa kutawadha.

Ukipita Tsavo hukosi kukumbuka simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka walipouawa na J. H. Patterson mwezi Disemba. Ukiwatafuta Kenya huwapati. Patterson aliwafanya ngozi za kutandika sakafuni kwa muda wa miaka 25 hivi, kisha akawauza kwa makumbusho ya Field mjini Chicago, na huko ndiko waliko, wameshonwa na kujazwa wakasimama tena. Patterson alidai kuwa waliwala watu 135. Lakini sayansi ina subira kuliko wawindaji. Utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulipima mifupa na manyoya yao, kwa kuwa chakula cha mnyama huacha alama mwilini mwake, ukakadiria watu 35 hivi. Na mwaka 2024 wengine wakatangaza kuwa manyoya yaliyokwama katika meno ya simba hao yalikuwa ya mtu, ya twiga, ya punda milia na ya wanyama wengine wa mwituni. Idadi imepungua, na hiyo haiwapunguzii waliokufa heshima yao. Miongoni mwao walikuwamo vibarua kutoka Bara Hindi waliokuja kutafuta riziki.

Nairobi tulifikia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu. Hapa ndipo mahali pa mtoto wa kiume kusahau njaa. Pana behewa ambalo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake akimvizia simba mla watu, na simba ndiye aliyeingia akamtoa dirishani. Uani vimesimama vichwa vya gari moshi vilivyostaafu, na mkubwa wao ni nambari 5918, Mount Gelai, wa aina ya Garratt, uzani wake tani 252. Wa jinsi hii ndio waliokuwa wakiburura mizigo ya Mombasa kupanda mlimani tangu miaka ya 1950. Mpwa wangu, fundi mtarajiwa, alikaa chini ya tumbo la chuma lile akinieleza jinsi ya kugeuza mvuke kuwa mwendo, na kwa mara ya kwanza katika safari yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

AHMED NA KIJANA WA TURKANA

Makumbusho ya Taifa, juu ya Museum Hill, yalifunguliwa hapo mwaka 1930. Uani utapokewa na Ahmed. Huyu alikuwa ndovu wa Marsabit, na pembe zake zilikuwa ndefu hata karibu ziguse ardhi. Kwa kuwaogopa majangili, Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 aliamuru kwa tangazo maalumu alindwe na askari usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi, na sanamu yake ya ukubwa ule ule ndiyo isimamayo hapo. Wakenya wengi wenye jina hilo hawajapata ulinzi kama wake, na ukiwa na kina Ahmed watatu nyumbani kama mimi, huwezi kupita bila ya kutabasamu.

Ndani ndimo mlimo chumba kinachozua maneno, chumba cha mifupa ya kale. Humo utasoma habari za kijana wa Turkana. Mwezi Agosti 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Bwana Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katika kokoto, chenye rangi karibu sawa na kokoto zenyewe. Walipochimba na kuchekecha ukatoka takriban mwili mzima wa kijana, meno yake yakionyesha miaka minane au tisa, naye alikwisha pita urefu wa mita moja na nusu. Aliishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wamejuaje? Eneo lile lina matabaka ya majivu ya volkeno, na majivu hayo yana madini yanayogeuka hewa ya agoni kwa mwendo unaojulikana, kama kishubaka cha saa ya mchanga. Pima kiasi kilichogeuka, utajua volkeno ilitapika lini.

Mimi si mwanachuoni wa dini wala wa mifupa. Najua wapo wanaoingia chumba kile wakatoka wamekunja uso, na wapo wanaotoka wakidhani wamepata silaha ya kuwatukania waumini. Wote wawili hawakuuliza swali letu. Mfupa uko pale, umri wake umepimwa, na anayetaka kuubisha na abishe kwa kipimo. Mambo ya roho na ya Mola wake mtu, hayo hayapimwi kwa mizani ya chumbani humo, wala mizani haikudai kuyapima.

Lililonigusa zaidi ni habari ya Kamoya mwenyewe. Alikuwa mtu wa Makueni, wilaya tuliyoipita kwa gari tukinunua machungwa. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Mwaka 1960 aliajiriwa kibarua cha kuchimba Olduvai. Jicho lake likawa jicho la kutafutwa duniani. Mwaka 1985 alipewa nishani ya National Geographic na Rais Reagan wa Marekani, na mwaka 2021 chuo kikuu cha huko kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 2022. Nikamgeukia mpwa wangu, nikamwuliza, "Sayansi ni ya nani ulisema?" Akacheka, akasema, "Mjomba, hesabu bado. Tumalize safari."

MASHOKA NA BAO

Tuliteremka barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, mahali pa joto na vumbi jeupe. Louis na Mary Leakey walianza kazi hapo mwaka 1942, na mahali pakafunguliwa kwa watu mwaka 1947. Huingii jumbani, unatembea juu ya daraja la mbao, na chini yako mashoka ya mawe yamelala kwa mamia pale pale yalipoachwa. Baadhi yao yamepita miaka milioni moja. Mtu atauliza, wamejuaje kuwa ni mashoka, si mawe tu? Chukua jiwe ulitupe mwambani litapasuka upande mmoja. Haya yamebanduliwa pande zote mbili, kwa zamu, mpaka yakapata ncha na makali ya kufanana, na jambo hilo halitokei mara mia kwa bahati.

Mwaka 2018 wachunguzi wa Makumbusho ya Taifa na ya Smithsonian walitangaza kuwa, kiasi cha miaka 320,000 iliyopita, watu wa hapa walikwisha acha mashoka makubwa, wakatengeneza vyombo vidogo vya jiwe jeusi la kioo lililotolewa makumi ya kilomita mbali, na walikuwa na mawe ya rangi nyekundu na nyeusi. Maana yake ni nini? Yaelekea palikuwa na kubadilishana vitu na majirani wa mbali. Sisi wana wa wafanya biashara, ambao babu zetu walikwenda na upepo hadi Hindi na Maskati, tuione hiyo kuwa ni biashara ya kwanza kabisa.

Kutoka huko tulipanda Bonde la Ufa hadi Kariandusi, karibu na Gilgil, alipopagundua Leakey mwaka 1928, na kutoka hapo hadi Hyrax Hill kando ya Nakuru. Hapa mpwa wangu alipiga ukelele. Katika mwamba zimechimbwa safu za vishimo: bao! Si lile la kwetu la mashimo 32 na nyumba yake, lakini mchezaji yeyote wa Mji wa Kale angejua pa kuweka kete. Lina umri gani? Mwamba mtupu hauna mkaa wala majivu ya kupima, na shimo halibaki na saa ndani yake. Kwa hivyo jibu si jepesi, nasi tuliridhika kuketi kando ya vishimo vile na kucheza kidogo kwa kokoto.

BESENI LA IKWETA

Tulimalizia Nanyuki, katika mstari wa ikweta. Kando ya bango kijana mmoja ana beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti. Anatembea hatua kama 20 kaskazini, anamimina, na njiti inazunguka upande mmoja. Anarudi kusini, njiti inazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka wima. Watalii wanapiga makofi, wananunua cheti. Ni makumbusho ya mtu mmoja, na kwa kuchekesha hayana mfano.

Mmejuaje? Kijana alisema ni nguvu ya dunia kuzunguka. Nguvu hiyo ni ya kweli; Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliieleza kwa hesabu mwaka 1835. Lakini karibu na ikweta ni ndogo mno, na kwa hatua 20 haiwezi kugeuza maji ya beseni. Mwaka 1962 Profesa Ascher Shapiro wa Marekani alitumia birika la upana wa kiasi cha mita mbili, akayaacha maji yatulie saa 24 ndipo akafungua tundu taratibu, na hapo tu ndipo yakazunguka kama hesabu isemavyo. Mwaka 1965 wenzake wakafanya vivyo hivyo Sydney, yakazunguka kinyume. Katika beseni la Nanyuki kinachozungusha maji ni mkono unaomimina na mwili unaogeuka.

Mpwa wangu alimwomba kijana kwa upole, "Ndugu yangu, yaache maji yatulie saa moja kwanza." Yule kijana akacheka, akasema, "Mgeni gani anakaa saa moja?" Tukampa haki yake, kwani alitufurahisha, na ukweli wake aliusema mwenyewe kwa jibu lile.

Lakini sikiliza, msomaji. Nguvu ile ile isiyoweza kugeuza beseni hugeuza mbingu nzima. Kusi hutoka kusini mashariki, na ikishavuka ikweta hupindishwa kulia, ikawa upepo wa kusini magharibi unaopeleka jahazi Arabuni na Bara Hindi. Babu zetu hawakumsoma Coriolis. Walijua mwezi wa kung'oa nanga, walijua upepo utapinda wapi, na walipima ujuzi wao kwa roho zao na mali zao. Hiyo ni sayansi iliyojibu swali letu kwa karne nyingi: wamejuaje? Kwa kwenda na kurudi salama.

Njiani kuelekea nyumbani mpwa wangu hakurudia maneno yake ya barazani. Aliniuliza jambo jingine: ni jumba gani lililoweka majina yote ya pepo, ya nyota za safari na ya samaki, pamoja na namna yalivyojulikana? Jawabu ni kwamba mengi yangali vifuani mwa wazee. Gombesa ilikaa miaka ikingojea aulizwe mvuvi wa Ngazija. Basi mzazi unayesoma ukurasa huu, mpeleke mwanao Malindi na Gede, na ukijaaliwa Nairobi. Na kabla ya hapo mpeleke kwa babu yake mvuvi, kwa nyanya yake mganga wa mizizi, kwa fundi wa jahazi, akiwa na kalamu na daftari. Aulize kwa adabu wamejuaje, na aandike jibu. Mpwa wangu amenunua daftari lake. Ukurasa wa kwanza ana majina kumi na saba ya pepo na mikondo, na mzee wa Malindi amemwambia kuwa bado hajaanza.